Maserati kwa pesa ya korosho? Fikiria kuuza kabla hujanunua

Ndugu yangu wa Masasi, umeuliza kama Maserati GranTurismo (gari ya kifahari ya Kiitaliano) ya 2010 kutoka Japani, ukiitembelea misimu miwili, itakurudishia pesa yako. Haitarudisha. Inaonekana rahisi kwa sababu imeshaporomoka bei mikononi mwa wenzio. Ikifika bandarini inapanda upya: ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, ushuru wa bidhaa kwa injini kubwa (hiyo ni V8, yaani silinda nane, lita 4.2 au 4.7), na ushuru wa uchakavu, kwa kuwa gari ni kuukuu, juu yake. Hakuna mnunuzi atakayekufidia kodi hizo.

Halafu utamuuzia nani? Noah au Land Cruiser, hapa Mtwara hukosi mtu wa kuiulizia. Hiyo yako watapiga nayo picha Mikindani, basi. Mnunuzi wa kweli yuko Dar, naye atainama kwanza kukagua bampa ya mbele na uvungu, maana gari hiyo iko chini, na mashimo ya barabara ya Kibiti hadi Lindi anayajua.

Kama roho imegoma kutulia, tafuta Porsche 911 ya gia za mkono, yenye rekodi kamili ya sevisi. Hizo wapenzi wa magari huzigombania hata zikizeeka. Ila bei ya kuingilia, jikaze.