Kwa nini alumini kloridi haifuati kanuni ya metali

Mdogo wangu, umeeleza kwamba mtihani uliuliza kama alumini kloridi ni kampaundi ya ioniki (inayoshikwa na ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme) au ya kovalenti (ambayo atomi zake hushirikiana elektroni), ukajibu ioniki kwa kuwa ndani yake mna metali, nawe ukakoseshwa. Nimefundisha masomo ya jioni Mbagala kwa miaka kadhaa, na kosa hilo nimelisahihisha mara nyingi.

Kanuni kwamba metali ikiungana na isiyo metali huzaa kampaundi ya ioniki hufaa kwa chumvi ya mezani, ambamo sodiamu huiachia klorini elektroni moja. Lakini amoniamu kloridi haina metali yoyote, na bado ni ya ioniki. Kwa hiyo mimi hupenda kuanza na tabia ya kitu chenyewe kabla ya fomula yake.

Siku moja tuliweka sukari na chumvi katika vijiko viwili juu ya jiko la mkaa. Sukari, ambayo ni ya kovalenti, iliyeyuka, ikawa kahawia, ikaungua. Chumvi ilipasukapasuka tu, kwani ioni zake hushikana pande zote kwa nguvu kubwa, na huhitaji nyuzi 801 za Selsiasi ili iyeyuke. Kisha tukaunga betri nne za tochi, taa ndogo ya LED na vijiti viwili vya grafiti vya ndani ya penseli. Chumvi kavu haikuwasha taa, na wanafunzi wakaandika haraka kwamba ni ya kovalenti. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu sikuwa nimewaambia kwamba ndani ya kigumu ioni zipo ila haziwezi kusogea. Tulipoikoroga majini, taa iliwaka. (Ukijaribu nyumbani, fungua madirisha, maana gesi ya klorini hutoka.)

Hata hivyo, maji nayo hudanganya. Haidrojeni kloridi ni gesi ya kovalenti, lakini ikiingia majini hujibizana nayo na kuzaa ioni, hivyo taa huwaka vilevile. Alumini kloridi hufanya hivyo pia, ndiyo maana kipimo cha maji kisingekuokoa.

Ioni ya alumini ni ndogo na ina chaji tatu chanya, hivyo huzivuta elektroni za kloridi hadi zikawa kama za kushirikiana. Tofauti ya uvutaji elektroni kati ya alumini na klorini ni takriban 1.5, ilhali kati ya sodiamu na klorini ni 2.2; tofauti ikiwa ndogo, kampaundi huelekea kuwa ya kovalenti. Tena, ikipashwa moto hadi karibu nyuzi 180, alumini kloridi hugeuka mvuke moja kwa moja, jambo ambalo chumvi ya mezani haiwezi kulifanya katika joto hilo.