Kumpeleka ufukweni mtoto mwenye usonji

Dada yangu, nimekuelewa: mwanao wa miaka minne mwenye usonji (autism) alilia na kujitupa chini pale Coco Beach, Dar es Salaam, Jumapili jioni, na sasa unaogopa kutoka naye tena. Wangu alikuwa hivyo hivyo, na kilichotusaidia ni kubadili saa: tunakwenda siku ya kazi asubuhi, maji yakiwa yamekupwa na spika za muziki hazijawashwa, na tunakaa nusu saa tu, hata kama bado anafurahi. Usiku wa kuamkia safari mwoneshe picha kwa mpangilio, bajaji, mchanga, kurudi nyumbani, kwa kuwa jambo asilolitarajia linaweza kumtisha kuliko bahari yenyewe. Beba chakula alichokizoea. Akilemewa, msogeze penye utulivu bila kumkaripia. Maneno ya wapita njia yaache yapite.

Hofu yangu kubwa ni maji. Watoto wengi wenye usonji huvutwa nayo na huweza kuchomoka ghafla, kwa hiyo mtu mzima mmoja asiwe na kazi nyingine ila kumshika mkono, na namba yako ya simu ishonwe kwenye nguo yake. Akianza kujiumiza, au akipoteza maneno aliyokwisha kuyajua, mpeleke kwa daktari wa watoto bila kuchelewa.