Kwa nini nilikuuliza usiku ule

Mwanangu,

Umeniuliza: usiku ule ukiwa kidato cha tatu, ulilalamika moyo kwenda mbio tu, nami nikakuuliza kama unafikiria kujiua. Nilijuaje?

Sikujua, mama. Niliogopa. Wiki mbili nzima nilikuwa nakwambia, "Acha kudeka, kasome." Asubuhi tumbo linakuuma, jioni huli, hata kwenda ufukweni Raskazone na wenzio Jumapili umeacha. Nikauita uvivu, na hilo linaniuma mpaka leo. Usiku ule nilikukuta jikoni saa nane, umekaa juu ya mbuzi ya nazi, unachomoa nyuzi za upindo wa sketi ya shule, mmoja mmoja, upindo wote umeachia. Ukasema, "Mama, nimechoka." Haikuwa sauti ya mtu mwenye usingizi.

Vijana wengi wenye wasiwasi hawafiki huko. Lakini wasiwasi ukikaa muda mrefu humnyima mtoto usingizi, humtenga na wenzake, na mara nyingi sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, huja juu yake. Hapo hatari huzidi. Mtoto anataka ile hofu ikome, na akili iliyochoka haimwoneshi mlango mwingine. Shirika la Afya Duniani linasema kujiua ni sababu ya tatu ya vifo vya watu wa miaka 15 hadi 29. Tunanyamazaje?

Nilihofia swali langu lingekutia wazo. Daktari alinieleza baadaye kwamba kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Aliye nalo hupata pa kulitua. Wewe ulinyamaza, kisha ukasema, "Mara nyingine." Nikaketi sakafuni karibu yako, sikukuhubiria. Dawa zote za kabatini nikampa shangazi yako, nikalala chumbani kwako, na kulipokucha tukapanda bajaji hadi hospitali ya Bombo.

Sasa unasema kuna mwanafunzi wako anayetetemeka kila mtihani ukikaribia, na siku hizi haongei na mtu. Muulize leo, mkiwa wawili, kwa maneno yaleyale, bila kuzunguka. Akikubali, usimwache peke yake hata kidogo. Mwite mzazi wake, mumpeleke hospitali. Ipo pia simu ya watoto, 116, haina malipo. Usimwahidi kwamba utaificha siri hiyo.

Nipigie ukishaongea naye, hata kama ni usiku wa manane.

Mama yako, Tanga