Kiinua Mgongo Si NSSF

Swali: Nimehudumu hotelini hapa Moshi miaka 16, na sasa mwajiri anapunguza wafanyakazi. Anadai kiinua mgongo changu kimo ndani ya NSSF. Je, ni kweli?

Jibu: Si kweli, ndugu msomaji. Mafao ya NSSF hutokana na michango ya kila mwezi, ilhali kiinua mgongo hulipwa na mwajiri mwenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka usilipwe chini ya mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, ila miaka inayohesabiwa haizidi 10, kwa hiyo unastahili angalau siku 70 (inauma, najua, kwa aliyetumikia 16). Mkataba wako ukitaja zaidi, dai hicho zaidi. Akikataa kulipa, peleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60.