Vitamini C ya kiwandani bandia yake iko wapi?

Msomaji kaniuliza: "Kemikali za asili na kemikali bandia zina tofauti kweli? Na ni sawa kuandika kwamba sabuni fulani haina kemikali?"

Hilo la pili nalimaliza haraka. Si sawa. Maji ni kemikali, chumvi ni kemikali, na sabuni yenyewe inapatikana mafuta yakichanganywa na alkali, sasa ukishaondoa kemikali zote utaogea nini? Neno kemikali tumelitoa kwenye Kiingereza, ukilifuata nyuma unafika kwenye kimiya ya Waarabu, na kote huko halijawahi kuwa na maana ya sumu. Kama unamaanisha haina marashi au rangi ya kuongezwa, andika hivyo hivyo, watu wataelewa.

Linalonikera zaidi ni hilo bandia. Kwenye kamusi bandia ni mwanasesere, pia ni kitu chochote cha kuigiza kile halisi, ndo maana tuna noti bandia, dawa bandia, meno bandia. Noti bandia si noti. Sasa chukua vitamini C, ile ya kwenye chungwa ina atomi za kaboni 6, haidrojeni 8 na oksijeni 6 zilizoungana kwa mpangilio fulani, na ile ambayo mkemia Tadeus Reichstein na wenzake waliiunda maabara kule Uswisi mwaka 1933 ina kaboni 6, haidrojeni 8, oksijeni 6 kwa mpangilio ule ule, ukiziweka mezani zote mbili zikiwa safi ni unga mweupe mchachu, na zikishaingia mwilini zinafanya kazi ile ile. Bandia iko wapi hapo? Chungwa linakupa na vitu vingine, nyuzinyuzi, maji, sukari, sawa, lakini hiyo ni sifa ya chungwa, si ya vitamini C. Mtu akiandika "vitamini C bandia" anamwambia mgonjwa kwamba amepewa kitu feki, na mgonjwa anaacha vidonge. Hilo ndo linaniuma.

Na wala si jambo jipya, mkemia Mjerumani Friedrich Wöhler alitengeneza urea, ile iliyomo kwenye mkojo, maabara mwaka 1828, kitu ambacho wengi waliamini hutoka kwenye mwili wa kiumbe hai tu, na ilikuwa urea kamili.

Halafu hili neno asili watu wanalisoma kama salama. Sumu ya botulini inatengenezwa na bakteria, risini iko kwenye mbegu za mbarika, hakuna kiwanda kilichohusika na zote mbili zinaua kwa kiasi kidogo mno. Asili inakwambia kitu kimetoka wapi, basi.

Kwa hiyo mimi naandika "ya kiwandani" au "iliyoundwa maabara", bandia nawaachia wauza dawa feki. Ila kuna mahali tofauti ipo kweli na msomaji ana haki ya kuambiwa: vitamini E, hasa aina yake iitwayo alfa-tokoferoli. Ile ya kwenye mimea ina umbo moja, ile ya kiwandani kwa kawaida ni mchanganyiko wa maumbo 8, yaani atomi ni zile zile ila zimeelekea pande tofauti, moja tu kati yake ndo sawasawa na la mmea, na mwili unaitumia vizuri zaidi ile ya mmea. Hata hiyo siiti bandia, naandika "mchanganyiko wa maumbo 8", ni maneno mengi lakini ni kweli.