Barua kwa mwanangu: liandike mwenyewe kwanza

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kwa nini uhangaike kuandika jedwali la hashi (mpango wa kuhifadhi maneno kwenye visanduku ili kila moja lipatikane upesi) wakati kamusi ya Python, jedwali la aina hiyo ndani ya lugha hiyo ya programu, ipo tayari, imejaribiwa, na ina kasi kuliko lolote utakaloandika wewe. Ni kweli ipo. Lakini anayeitumia tu hajui inafanyaje kazi, wala inakwama wapi.

Mistari 60 hivi inatosha. Anza na visanduku 8. Kila neno ligeuze kuwa namba, gawanya kwa 8, na baki ndiyo namba ya kisanduku chake. Wazo linalomjia mtu kwanza ni kujumlisha namba ambazo kompyuta huzipa herufi: m ni 109, a 97, l 108, i 105. Tia "mali": 419, baki 3. Tia "mila", "lima" na "imla": zote 419, zote kisanduku cha 3, maana kujumlisha hakujali mpangilio wa herufi.

Utaambiwa dawa ni kuzidisha jumla kwa 31 kabla ya kuongeza kila herufi. Sasa "mali" ni 3,343,889, "mila" 3,351,569, "lima" 3,321,809, "imla" 3,236,249. Namba nne mbalimbali. Zigawanye kwa 8 utazame baki: 1, 1, 1, 1.

Hapo usifute, tulia nayo. 31 ni 32 kasoro moja, na 32 hugawanyika kwa 8 bila baki. Kwa hiyo, ukitazama baki peke yake, kuzidisha kwa 31 ni sawa na kuzidisha kwa -1: herufi moja inajumlishwa, inayofuata inatolewa. Katika "mali", "mila" na "lima", m na l zimekaa nafasi ya kwanza na ya tatu, a na i ya pili na ya nne, basi jibu ni lilelile. ("Imla" imeangukia hapo kwa bahati tu.) Fanya visanduku viwe 11: baki 10, 1, 7, 5. Kila neno limepata chumba chake.

Maneno mawili yakigongana tena kwenye kisanduku kimoja, la pili lisogeze hadi kisanduku kitupu kinachofuata. Kufuta ndiko kunakoponza wengi: ukiacha kisanduku kitupu katikati, utafutaji unakomea hapo, na neno lililo mbele yake linaonekana halipo. Weka alama ya "palifutwa", utafutaji uipite. Robo tatu zikijaa, panua hadi 23 na upange kila neno upya, kwa kuwa baki zimebadilika.

Kisha lipambanishe na kamusi ya Python: amri 100,000 za kubahatisha kwa zote mbili, za kuweka, kufuta na kutafuta, ukilinganisha majibu kila hatua. Tumia maneno 50 tu ili migongano iwe mingi.

Kazini tumia jedwali la maktaba, yaani lililoandikwa tayari na wengine. Na msimbo wa kuficha nywila za watu usijitungie kabisa. Kosa lake halionekani kwenye majaribio.

Ukimaliza, wala si kabla, fungua msimbo wa HashMap, jedwali la hashi la lugha ya Java. Maneno huyageuza kwa 31 hiyohiyo, na huanza na visanduku 16, ambavyo vina kasoro ileile ya 8. Utakuta mstari unaosogeza biti 16 za juu za namba (biti ni tarakimu za 0 na 1 zinazoiunda) kwenda kulia na kuzichanganya na za chini. Niandikie uniambie upo kwa ajili ya nini.

Mama yako