Tambi za nyanya na mrihani, jioni ya siku ya kazi

Anayefanya kazi mjini Kampala na kulala Kireka, Bweyogerere au Mukono anazijua jioni zetu. Unatoka ofisini saa kumi na moja, magari yamesimama barabara yote ya Jinja mpaka Banda, unaingia nyumbani saa moja na nusu, na watoto wana njaa. Matoke ya kumenya, kufunga kwenye majani ya mgomba na kuacha yaive polepole ni chakula cha Jumapili. Maharagwe ambayo hayakulowekwa, usiyaguse. Ndiyo maana siku hizo nyumba nyingi huishia kwenye chai na mkate, au rolex, ile chapati iliyokunjwa na mayai, ya pale barabarani.

Mimi nakushauri upike tambi. Sisemi zile zinazochemshwa mpaka zikavimba, zikamwagiwa mchuzi wa jana na kuwekwa kando ya wali. Nasema tambi za nyanya mbichi, kitunguu saumu, mafuta, chumvi na majani ya mrihani, basi. Kwangu ndicho chakula cha kutegemewa katikati ya wiki kwa miaka sasa, na tangu kuwasha jiko mpaka kuketi hakipiti nusu saa. Viungo vikiwa vichache hivi, hakuna cha kujifichia: kila kimoja lazima kiwe kizuri na kiingie sufuriani kwa wakati wake.

Nyanya ndizo mlo wenyewe, kwa hiyo hapo ndipo pa kutulia. Mimi hushuka soko la Nakawa nikirudi nyumbani. Wauzaji hupanga mbele zile ngumu, kwa sababu wanunuzi wengi wanataka nyanya za kukaa siku tatu au nne. Wewe unapika leo. Mwambie tu, "Nnyabo, nipe zilizoiva kabisa, napika usiku huu," naye atakuinulia fungu lililokaa nyuma, jekundu mpaka kwenye kikonyo, linalobonyea kidogo kwa kidole. Mara nyingi jioni fungu hilo ni rahisi kuliko mengine, maana likilala litaharibika. Kwa chakula hiki hilo ndilo bora kuliko yote. Lililopasuka au lenye ukungu liache, lakini ulaini usikutishe.

Ukipata zile ndefu zenye umbo la yai, za aina ya Roma, chukua hizo. Zina nyama nyingi na maji machache, hivyo mchuzi hukaza haraka. Zile za mviringo zenye maji mengi ni tamu kwenye kachumbari. Ukizitumia hapa, ongeza dakika tano jikoni. Watu wanne wanahitaji kilo moja, yaani nyanya nane mpaka kumi za kiasi.

Zioshe vizuri. Ule unga mweupe unaouona kwenye ngozi, hasa karibu na kikonyo, mara nyingi ni mabaki ya dawa ya ukungu ambayo wakulima hunyunyizia. Zisugue moja moja kwa mkono chini ya maji yanayotiririka. Kuzichovya tu kwenye beseni hakutoshi. Na kama umezinunua jana, ziache mezani, usizitie friji. Baridi huua harufu ya nyanya, na nyanya isiyo na harufu hakuna chumvi itakayoiokoa.

Kuna majira ambayo nyanya hazipendezi. Mvua zikizidi, ugonjwa wa bakajani huingia mashambani, zinazofika mjini huwa rangi ya chungwa na bei hupanda. Wakati huo nunua zilizopo, kisha tumia kijiko kimoja cha mezani cha nyanya ya kopo, ile nzito iliyosagwa. Itie kwenye mafuta pamoja na kitunguu saumu, ikaange dakika moja mpaka rangi ikolee, ndipo umimine nyanya mbichi. Ukiitia mwishoni itabaki na ladha ya bati. Sukari siipendi humu, ila nyanya zikiwa chachu kweli, robo kijiko cha chai haidhuru.

Sasa mrihani. Kampala utaupata Nakasero kwa wauzaji wa majani na viungo, na kwenye maduka makubwa; wengi watakuelewa zaidi ukisema bezili. Usiuchanganye na mujaaja ule tunaotia kwenye chai. Mimea hiyo ni ndugu, yote ni ya jenasi Ocimum, lakini mujaaja ni mkali, harufu yake inaelekea kwenye karafuu, na konzi moja yake itaifunika nyanya yote. Ukikosa mrihani kabisa, chukua majani mawili matatu machanga ya mujaaja, yakatekate mpaka yawe kama vumbi, uyatie mwishoni. Utapata chakula tofauti, lakini kizuri. Mama mkwe wangu anakipenda hivyo kuliko ninavyokipika mimi.

Bora zaidi, panda wako. Hili nalisema kwa kila rafiki anayenisikiliza. Ukinunua kifungu cha mrihani, chagua vijiti viwili au vitatu vyenye afya, ng'oa majani ya chini, vitie kwenye glasi ya maji karibu na dirisha. Badilisha maji kila baada ya siku moja au mbili. Baada ya wiki moja hadi mbili utaona mizizi myeupe. Vihamishie kwenye jerikeni ya lita tano iliyokatwa juu na kutobolewa chini, yenye udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, mahali penye jua la saa sita kwa siku. Huku kwetu hakuna majira ya baridi ya kuuua, hivyo ukiutunza utavuna mwaka mzima. Kila ukiona maua, yakate, na ukichuma chuma ncha ya juu, juu kidogo ya mahali majani mawili yanapokutana. Hapo yatachipua matawi mawili badala ya moja. Mrihani unaochumwa hivyo hujaa, usiochumwa hurefuka na kukauka. Uliokatwa tayari usiutie friji, utakuwa mweusi kufikia asubuhi. Uweke kwenye glasi ya maji, juu ya meza.

Kwenye tambi zenyewe, soma pakiti. Zinazofaa zimetengenezwa kwa ngano ya durum, ngano ngumu yenye protini nyingi, na neno hilo huandikwa wazi. Za ngano laini huanza kumeguka kabla hujazitoa majini. Gramu 400 zinatosha watu wanne. Spageti ndiyo rahisi kupatikana; zile fupi za mrija zinawafaa watoto wadogo.

Kuna jambo ambalo pakiti haikuambii. Dakika zilizoandikwa pale ni za mtu aliye usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 100. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na huku maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kabale, kwenye mita zipatazo 2,000, hushuka mpaka nyuzi 93 au 94. Kuongeza moto hakubadilishi kitu; maji yakishachemka hayazidi hapo, yanapungua tu. Kwa hiyo tambi zilezile zinazoiva kwa dakika nane Mombasa, kwako zitataka dakika moja au mbili zaidi. Usiziamini saa wala pakiti. Zikifika dakika ya nane, toa uzi mmoja, uuma.

Kupika kwenyewe ni hivi. Bandika maji lita tatu kwanza, kabla hata hujavua viatu vya kazini. Kama una birika la umeme, chemsha humo sehemu ya maji huku mengine yakipata moto jikoni, utaokoa dakika nyingi. Yakitokota, tia chumvi kijiko kimoja na nusu cha mezani. Utaona ni nyingi, lakini sehemu kubwa itabaki kwenye maji. Hiyo ndiyo nafasi pekee ya chumvi kuingia ndani ya tambi. Ukiikosa hapo, ya juu haitafika ndani. Mafuta usitie kwenye maji. Hayazuii tambi kushikana, yanaelea tu, na ukizichuja huzifunika kiasi kwamba mchuzi unateleza. Kinachozizuia kushikana ni kuzikoroga dakika mbili za mwanzo.

Maji yakiwa bado yanapata moto, zikate nyanya katikati na uzikwaruze kwenye kikwaruzo cha karoti, upande uliokatwa ukitazama chini. Nyama yote inashuka kwenye bakuli na ngozi inabaki mkononi. Hakuna kuzichovya kwenye maji moto, hakuna kumenya. Mbegu na ule ute wake usitupe, ladha nyingi iko humo.

Chukua chombo kipana, karai au kikaango kikubwa. Upana una maana: maji ya nyanya hutoka kwa juu, na kwenye sufuria nyembamba ndefu utangoja mpaka watoto walale. Tia mafuta vijiko vinne vya mezani. Ya zeituni yana ladha yake na ni mazuri ukiwa nayo. Ya alizeti yanafanya kazi, nami huyatumia wiki nyingi. Tia punje tatu za kitunguu saumu zilizokatwa vipande vyembamba mafuta yakiwa bado baridi, kisha washa moto mdogo. Vikipashwa taratibu hivyo, harufu yote huhamia kwenye mafuta. Vikianza kugeuka rangi ya dhahabu ukingoni, mimina nyanya mara moja, maana kitunguu saumu kilichoungua ni kichungu na uchungu huo hautoki tena.

Kitunguu maji sikitii. Najua kwetu mchuzi bila kitunguu maji kilichokaangwa mpaka kikaiva vizuri unaonekana haujakamilika, na kwenye mchuzi wa nyama nakubaliana na wewe kabisa. Hapa kinaleta utamu unaoizima nyanya. Vivyo hivyo binzari na unga wa mchuzi wa pakiti. Viache kabatini usiku mmoja uone.

Tia chumvi kidogo, ongeza moto, uache itokote dakika kumi na mbili hadi kumi na tano, ukikoroga mara kwa mara. Itakuwa tayari ukipitisha mwiko chini ukaacha njia ambayo haijifungi upesi, na mafuta yakaanza kujitenga pembeni. Usiikaushe ikawa kama uji mzito.

Dakika chache baada ya nyanya kuingia, tia tambi kwenye maji. Hapa muda unataka kupangwa, vyote viwili vifike pamoja. Ikiwa lazima kimoja kingoje, ingoje nyanya. Tambi hazingoji mtu. Ukiziuma ukakuta kiini chembamba bado kigumu kidogo, kabla ya kuzichuja chota kikombe kizima cha yale maji yake ya mawingu, uyaweke pembeni. Watu wengi huyamwaga yote kwenye sinki, na ndiyo sababu tambi zao huwa kavu juu na mchuzi umelala chini ya sahani. Maji hayo yana wanga uliotoka kwenye tambi, na wanga huo ndio unaoshikamanisha mafuta na maji ya nyanya yakawa kitu kimoja, kizito, kinachong'ang'ania kila uzi.

Hamishia tambi kwenye karai la nyanya, tia nusu ya kikombe hicho, ongeza moto, na uzigeuzegeuze kwa dakika mbili. Utaona mchuzi ukibadilika mbele yako, ukianza kung'aa. Ukikaza sana ongeza maji kidogo. Kisha zima moto, na hapo tu ndipo mrihani uingie: konzi moja, uliochanwa kwa vidole. Harufu yake ni nyepesi na hupaa haraka. Ukiupika pamoja na nyanya tangu mwanzo utabaki na majani meusi yasiyo na kitu. Joto la tambi linatosha. Geuza mara moja, pakua.

Kwa anayepikia sigiri moja ya makaa, pika nyanya kwanza, ifunike na uiweke kando, halafu bandika maji. Mwishoni rudisha karai juu ya makaa yaliyobaki. Inachukua kama dakika kumi na tano zaidi, hakuna kingine kinachobadilika.

Nyumba nyingi hapa, sahani isiyo na matoke wala posho (ugali) huulizwa chakula kiko wapi, na swali hilo lina haki yake kwa mtu aliyefanya kazi tangu asubuhi. Jibu langu ni kuongeza kitu chenye nguvu. Maharagwe yaliyochemshwa jana, kikombe kimoja, yakiingia kwenye nyanya dakika tano za mwisho, yanashibisha kweli. Mukene, yaani dagaa wetu, nao wanapendeza sana: waoshe mchanga utoke, wakaushe, wakaange kwenye yale mafuta kabla ya kitunguu saumu mpaka wawe wakavu, watoe, kisha uwanyunyize juu ya sahani. Ukifanya hivyo punguza chumvi. Mwenye jibini aikwaruze juu. Asiye nayo akaange simsim (ufuta) kavukavu, aitwange kidogo na aitie mahali pake, na aweke parachichi lililoiva pembeni.

Nyanya zikiwa nyingi na rahisi, pika kilo tatu kwa mara moja Jumapili, bila mrihani, ugawe kwenye makopo yenye mfuniko. Kwenye friji mchuzi huo unakaa siku tatu mpaka nne, na kwenye friza miezi kadhaa. Siku ya kazi unachemsha tambi tu, unapasha mchuzi kwenye karai, na kuchuma mrihani kutoka kwenye jerikeni.